Waraka kutoka Minneapolis: Kasa wa Fedha katika Mji Usio na Bahari

Ndugu waliobaki Tanga, Lamu na Unguja wanaarifiwa kwamba Minneapolis na Saint Paul, miji pacha ya kando ya mto Mississippi, iko mbali mno na bahari, ijapokuwa timu yake ya mpira wa Kimarekani inaitwa Vikings, yaani mabaharia wa kale wa Skandinavia, na ijapokuwa maziwa yake ni mengi, ambayo wakati wa baridi huganda hata magari yakapita juu, na wavuvi wakatoboa barafu wakakaa vibandani kumngoja samaki ambaye bila shaka naye anawashangaa.

Kwa hiyo mtu wa pwani aliyehamia huko akapatwa na maradhi ya kukusanya sarafu za fedha za Wagiriki wa kale asilaumiwe sana, maana bahari anayoikosa dirishani anaiona humo: Taras, koloni la Wasparta kusini mwa Italia, iligonga kijana aliyempanda pomboo, Akragas ya Sisilia iligonga kaa, na Phaselis, bandari ya Likia, iliweka omo ya merikebu upande mmoja na tezi upande wa pili.

Inayostahili kukaziwa macho ni stata, yaani sarafu kubwa ya biashara, ya kisiwa cha Aegina, yenye uzito wa takriban gramu 12, ambayo mwanzoni ilibeba kasa mwenye mapezi na mstari wa vitone mgongoni, lakini katika karne ya 5 KK kasa akaondolewa, akawekwa kobe mwenye gamba lililogawanyika vipande. Wanahistoria wengi wanalihusisha badiliko hilo na Athens kukitiisha kisiwa, jambo ambalo mvuvi yeyote wa Pemba angelielewa bila tanbihi, kwani aliyenyang'anywa merikebu atafanya nini na kasa?

Pemba yenyewe haikukosa fedha: mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ila watawala wake waliweka maandishi tu, hata kaa mmoja hakuna.

Wanaoulizia thamani wafahamu kwamba stata hainunui hata kilo ya sukari dukani, na kwamba tangu 2011 Marekani inadai hati kwa sarafu nyingi za kale zinazotoka Ugiriki, hivyo mkusanyaji huitunza risiti kuliko kasa mwenyewe. Karo ya muhula ujao itatumwa kwa dola za kawaida, mwisho wa mwezi.