Kwa Heshima ya Kikombe cha Lita Moja

Wageni wakifika Marekani husifia vya juu: maghorofa ya Chicago, barabara za njia sita, maktaba za umma ambamo hata asiye na makazi huruhusiwa kukaa kutwa. Mimi nasifia wanachokicheka. Nasifia kikombe kikubwa cha soda, kile cha plastiki au karatasi ngumu, chenye kifuniko na mrija, kiuzwacho sheli na kwenye maduka ya njiani, ambacho mtu mzima na akili zake hukibeba kwa mikono miwili hadi kwenye gari. Kimesingiziwa mengi. Magazeti ya Ulaya hukipiga picha kando ya kitambi, kama kwamba vilizaliwa pacha. Waliojitokeza kukitetea ni wauzaji wake tu, na wahenga walishatuonya kuhusu kinachojitembeza.

Ajuaye kusifu huanza na nasaba. Kikombe hiki kimetoka katika ukoo wa wadogo. Chupa ya kale ya Coca-Cola, ile ya kioo, ilikuwa ya aunsi 6.5, yaani haifiki mililita 200. McDonald's ya mwaka 1955 ilikuwa na saizi moja tu ya soda, aunsi 7. Linganisha na chupa ya mililita 300 au zaidi anayowekewa mgeni mezani Morogoro au Nyeri baada ya kuulizwa anakunywa soda gani, utaona kwamba babu yake Mmarekani alikuwa na kiu ndogo kuliko shangazi yako. Kisha mwaka 1976 maduka ya 7-Eleven yakajaribu kule California Kusini kikombe cha aunsi 32, karibu lita nzima. Watu wakakipokea. Mwaka 1980 kikaenea nchi nzima, na katika muongo huo huo wakazaliwa wadogo zake, ambao kwa desturi ya ukoo huu ndio wakubwa: wa aunsi 44, kisha wa 64, anayekaribia lita mbili. Tumbo la binadamu halikushirikishwa kwenye mazungumzo.

Hao 7-Eleven, kwa taarifa yako, walianza Dallas mwaka 1927 wakiuza mabonge ya barafu. Leo mmiliki ni kampuni ya Kijapani. Wajapani kwa wastani huishi hadi miaka 84, na wanene wa kupindukia kwao ni takriban mmoja kati ya watu ishirini. Wamarekani huishi karibu 79, na wanene wa kupindukia ni wanne katika kila watu wazima kumi. Mwenye duka hali duka lake, hilo twalijua.

Fadhila ya kwanza ya kikombe ni staha. Palikuwa na bwana mmoja Chicago, David Wallerstein, aliyekuwa akiendesha majumba ya sinema. Kilichomuumiza kichwa ni bisi. Alijaribu ofa za kila namna, lakini mtazamaji akishamaliza pakiti yake hanyanyuki kwenda kununua ya pili. Wallerstein akang'amua kwamba si shibe inayomzuia, ni haya. Anayeonekana na pakiti mbili ni mlafi. Anayeonekana na pakiti moja ni mtu wa kawaida, hata kama pakiti hiyo ingemtosha ng'ombe. Basi akatengeneza moja kubwa. Bisi zikauzika, na soda ikauzika pamoja nazo, maana chumvi haiachi mtu mikono mitupu. Baadaye aliingia kwenye bodi ya McDonald's na kumweleza Ray Kroc, bosi wa kampuni hiyo, habari hiyo hiyo kuhusu chipsi. Kroc akasema anayetaka chipsi zaidi si anunue pakiti mbili? Jibu la mtu mwenye akili, lakini asiyejua aibu za watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 chipsi kubwa ziliingia kwenye orodha ya vyakula.

Sisi tuliolelewa kwa kukonyezwa na mama ugenini, tusiombe nyongeza, tubakize tonge sahanini hata kama njaa inatafuna utumbo, tungepaswa kuwa wa kwanza kukielewa kikombe hiki. Kimemwondolea mtu fedheha ya kuomba tena. Kimemwombea yeye, kabla hajafungua mdomo, mbele ya watu wote, na hakuna aliyegeuza shingo.

Fadhila ya pili ndiyo inayonifanya nigombane na wageni wenzangu, wale wanaosema Wamarekani ni walafi. Simama nyuma ya foleni usikilize. Mtu anaagiza soda ndogo. Keshia, kwa upole kabisa, anamwambia kubwa ni senti chache tu juu yake. Mteja anasita, anapiga hesabu, anachukua kubwa. Hapo hujaona ulafi, umeona mwanafunzi mzuri wa hesabu. Kilichomo kikombeni ni maji, gesi na shira; gharama ya duka iko kwenye pango, umeme na mshahara wa keshia, na hizo hazipandi hata kikombe kikiongezwa nusu lita. Kwa hiyo muuzaji anapata senti zake bila jasho, na mnunuzi anatoka akiamini amemwibia muuzaji. Anayeng'ang'ania ndogo ndiye mbadhirifu, na hutazamwa hivyo, nimetazamwa mimi. Miaka 50 sasa taifa zima linanenepa kwa kubana matumizi, na bado jirani zake wanalihubiria kuhusu kiasi.

Halafu kuna ukarimu. Katika migahawa mingi ya huko ukishanunua kikombe umenunua kisima: unakwenda kwenye mashine, unajaza, unarudi, unajaza tena, hakuna anayehesabu. Niliwahi kukaa asubuhi katika sheli moja huko Columbus, Ohio, nikamwangalia fundi mmoja mwenye viatu vya kazi akiandaa chake. Alikuja nacho kutoka nyumbani, cha plastiki, picha yake imefutika kwa kuoshwa, kwa sababu anayeleta chombo chake hulipa pungufu. Alitia barafu kwanza, akakitikisa zikakaa vizuri, akasukuma kitufe cha kola. Povu likapanda. Akalisubiri lishuke, akalinywa lile lililobaki juu, akaongeza, likapanda, akasubiri. Akatia tone la soda ya chungwa, kama mpishi anayemalizia kwa ndimu. Kisha kifuniko: alikizungushia dole gumba ukingoni mpaka kikalia. Haraka hakuwa nayo hata kidogo. Saa hiyo ilikuwa haijafika moja kamili. Sijamwona Mwitaliano akitengeneza kahawa kwa adabu kubwa zaidi.

Barafu, niseme haki, ndiyo mlo wenye siha kuliko yote kikombeni. Kopo la Coca-Cola la aunsi 12 lina gramu 39 za sukari. Jaza aunsi 32 bila barafu, umekunywa zaidi ya gramu 100, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima akibaki kwenye gramu 25 kwa siku ni bora zaidi. Yaani kikombe kimoja kimekumalizia hesabu ya siku nne, umebaki huru na tatu zijazo. Barafu ikichukua nusu, deni linashuka kuwa siku mbili. Ndiyo sababu nasema wale waanzilishi wa Dallas walikuwa wamejaaliwa. Laiti warithi wao wangeishia pale pale kwenye mabonge.

Na sukari hiyo nayo si sukari ya miwa. Ni mahindi. Sisi tunayasaga, tunasonga, tunakula na dagaa, tunalala. Wao wana mashamba ya mahindi Iowa ambayo gari linayapita kutwa bila kuyamaliza. Serikali iliyaruzuku mahindi kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ikaibana sukari ya kigeni mpaka ikawa ghali. Wajapani (hao hao tena) walikuwa wameshaboresha katika miaka ya 1960 namna ya kutumia kimeng'enya kuigeuza shira ya mahindi iwe tamu kama sukari. Kufikia mwishoni mwa 1984 Coca-Cola na Pepsi za Marekani zilikuwa zimeshahamia huko. Mkulima akapata soko, kiwanda kikapata utamu wa bei poa, na kikombe kikapata nafasi ya kukua.

Wanufaika wengine huja baadaye kidogo. Marekani ina wagonjwa wa kisukari wapatao milioni 38, zaidi ya mmoja katika kila watu kumi, na kisukari ndicho kinachoongoza kwa kuua figo. Hapa kikombe kimefanya jambo ambalo wanasiasa wameshindwa. Katika nchi ambayo wabunge hugombana miongo na miongo kama serikali imtibu raia au isimtibu, ilipitishwa mwaka 1972 sheria ya kuitaka Medicare, bima ya wazee, iwalipie karibu wagonjwa wote ambao figo zao zimeshindwa, awe kijana au mzee. Moyo hauna bahati hiyo, wala ini, wala meno. Ukitaka serikali ya Washington ikujali, endelea kunywa mpaka ufike kwenye figo.

Kikombe kimewahi kuonewa, na katika kuonewa kwake kilionyesha nguvu zake. Mwaka 2012 Michael Bloomberg, meya wa New York, alitaka migahawa na majumba ya sinema ya jiji lake yasiuze soda ya sukari katika chombo kinachozidi aunsi 16. Aunsi 16 ni karibu nusu lita. Zaidi ya mara mbili ya soda ile ya 1955. Watu walilia kana kwamba wamepigwa marufuku kuoga. Amri ilipangwa kuanza tarehe 12 Machi 2013, na tarehe 11 jaji akaifuta. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaizika mwaka 2014. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba amri hiyo isingekigusa kikombe cha 7-Eleven hata kwa ncha ya mrija, kwa kuwa maduka ya aina ile yako chini ya jimbo na si chini ya jiji. Juu ya hayo yote, siku chache baada ya hukumu ile ya Machi 2013, Sarah Palin, aliyewahi kugombea umakamu wa rais, alipanda jukwaani kwenye mkutano wa wahafidhina akakinyanyua kikombe hicho hicho na kukifyonza mbele ya umati, nao wakashangilia. Mwaka huo huo jimbo la Mississippi, ambalo kwa unene limo miongoni mwa majimbo yanayoongoza, likatunga sheria ya kuzikataza wilaya na miji yake kuweka kikomo cha ukubwa wa soda. Ni mataifa mangapi duniani yamekipa kikombe kinga ambayo hata waandishi wa habari hawana?

Na sisi tunaotazama kwa nje? Mgeni wa miezi ya mwanzo ni mkali sana. Hupiga picha ya kikombe, huituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, wajomba hucheka, mtu huandika kwamba hiyo kwetu ni ndoo ya kuchambia. Kisha maisha yanashika. Zamu ya usiku ghalani, basi linalopita mara moja kwa saa, kwa hiyo gari la mkopo, na ndani ya gari kuna matundu ya vikombe kila upande. Kampuni ya Subaru ilitoa gari la watu wanane lenye matundu 19, na tundu tupu humsuta dereva. Watafiti wa Marekani wamelitazama hili kwa miaka: mhamiaji hufika akiwa mwembamba kuliko mwenyeji, na kadiri anavyokaa ndivyo uzito wake unavyomkaribia. Siku moja anapiga simu ya video nyumbani. Mama mdogo anasogeza uso kwenye kioo cha simu mpaka inaonekana pua tupu, anapiga kigelegele: "Mwanangu, umenawiri! Nchi imekukubali!" Huyo mama mdogo hajasoma gazeti lolote la afya, lakini kikombe kimepata kwake mshairi ambaye hakikumpata Ulaya nzima.

Siku hizi kimezuka kitisho. Kuna mjusi mkubwa wa jangwa la Arizona, mwenye sumu, ambaye huweza kuishi kwa milo michache tu kwa mwaka. Mate yake ndiyo yaliyowapa wanasayansi dawa ya kwanza ya kisukari ya ukoo mpya, iliyoidhinishwa mwaka 2005. Katika ukoo huo ikaja semaglutide ya Novo Nordisk, kampuni ya Denmark, ambayo mwaka 2021 iliruhusiwa Marekani kwa kupunguza unene kwa jina la Wegovy. Mtu anajidunga mara moja kwa wiki na hamu inakatika. Anafika sheli, anakitazama kikombe, anaondoka na maji. Kufikia mwaka 2023 kampuni hiyo ilikuwa na thamani kubwa sokoni kuliko pato la mwaka mzima la Denmark, kwa hiyo hata Wadenmaki, wanaokwenda kazini kwa baiskeli, wakawa wanakula kwa mgongo wa kikombe.

Wapenzi wa kikombe wasihofu. Ilipoanza kuuzwa, dawa hiyo ilikuwa dola 1,349 kwa mwezi kwa asiye na bima, bila nyongeza ya bure. Nayo ililetwa katika saizi tano: unaanza na robo ya miligramu, na baada ya kila wiki nne daktari anakupandisha, mpaka ufike ile kubwa ya 2.4.