Jinsi ya Kumfunga Mbwa Raskazone

Usianze na mbwa. Anza na kiti. Kibebe mpaka pale ulipokaza mnyororo wako, iwe ni shina la mwembe, nguzo ya tangi la maji au nondo ya dirisha la stoo, ukae hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Usihame, wala usichukue simu. Chagua siku ya Februari, joto la Tanga likiwa limeshika, ili somo liingie sawasawa. Kivuli kitakuaga kabla ya adhuhuri, kihamie upande wa pili wa shina ambako wewe hufiki. Maji ya kwenye sufuria yatapata moto, kama hujayamwaga kwa mguu. Harufu ya bahari utaipata, maana Raskazone ni rasi, bahari haiko mbali. Utakachokiona ni ukuta. Ukishaamka hapo, njoo tuzungumze juu ya Simba, Popi, au vyovyote unavyomwita mlinzi wako wa miguu minne.

Sasa kamba. Sisi ni watu wa mkonge. Mimea 62 tu ndiyo iliyonusurika katika ile shehena kutoka Florida aliyoiagiza Richard Hindorf mwaka 1893, na kutokana nayo mkoa mzima ukageuka mashamba. Najivunia katani yetu. Ifunge mizigo, ifunge mbuzi wa kupelekwa sokoni, lakini isikae shingoni mwa mbwa. Nyuzi zake huchubua, na ikilowa hujikaza. Mnyororo wa geti nao ni wa geti. Mbwa anahitaji ukosi mpana wa ngozi au wa turubai, wenye nafasi ya kupitisha vidole viwili kati yake na shingo. Mtoto wa mbwa mkague kila wiki: yeye anakua, ukosi haukui. Nimewahi kumsaidia mtu kukata ukosi uliokwisha zama nyamani, na harufu ya lile donda ninaikumbuka mpaka leo.

Kama huna budi kumfunga, tandika waya juu, kutoka mti hadi mti, utie pete inayoteleza, na kamba ishuke kutoka kwenye pete. Mbwa atatembea ua mzima, atafuata kivuli kinapohama, atakwenda haja mbali na anapolala. Chombo cha maji kiwe kizito, kisichopinduka. Gharama yote hiyo haifikii bei ya seng'enge uliyoweka juu ya ukuta.

Kuna sheria, tena si ngeni. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya 2008, inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia, na inazingatia uhuru wake: asibaki na njaa wala kiu, asikae katika adha, asiachwe na maumivu au ugonjwa, asiishi kwa hofu, na aweze kuishi kwa tabia yake ya asili. Isome hiyo ya mwisho umesimama mbele ya mbwa mwenye mita moja ya mnyororo. Asili yake ni kunusa, kuzurura, kuchimba. Mita moja inamlaza karibu na kinyesi chake. California, tangu 2007, mbwa hafungwi kwenye mti au nguzo zaidi ya saa 3 katika siku nzima, isipokuwa katika hali chache. Ujerumani, tangu 2022, wamekataza kuwafunga, isipokuwa mbwa wa kazi kwa masharti. Mimi nataka saa 3 hizo zifike kwetu, ziandikwe, na afisa mifugo wa kata apewe nguvu ya kuzisimamia.

Jirani ataniambia: mbwa najisi. Naam, udenda wake nauosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa chuoni. Hiyo ni twahara ya chombo changu. Chuoni hapohapo tulifundishwa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfunga, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Na ya mtu aliyesamehewa kwa kumtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake. Masimulizi yote mawili tunayahadithia watoto, kisha tunapita geti kwa geti, nyuma ya kila geti kuna mnyororo.

"Lakini nikimfungua, ulinzi?" Swali hili nilimpelekea mzee mmoja aliyelinda nyumba za huku miaka mingi.

"Shikamoo mzee. Mbwa wa mnyororo analinda?"

"Marahaba mwanangu. Analinda pale alipofungwa. Mwizi akija mara ya kwanza anaupima mnyororo kwa macho. Mara ya pili anapita upande wa pili."

Akaniongezea kwamba mbwa anayeshinda amefungwa humbwekea kila kitu, bodaboda, kunguru, muuza samaki, mpaka mwenye nyumba anaacha kusikiliza. Na mbwa aliyefungwa akiogopa hana pa kukimbilia, kwa hiyo anauma. Mara nyingi anayeumwa ni mtoto aliyefuata mpira. Kama hofu yako ni kichaa cha mbwa, mpeleke akachanjwe. Pemba waliutokomeza ugonjwa ule kwa kuchanja mbwa, ukarudi 2016, wakachanja tena ukaondoka. Na mbwa mgonjwa akiingia uani, aliyefungwa hawezi hata kukimbia.

Jioni, funga geti, umfungue. Siku za mwanzo atazunguka ua kama kichaa, atavunja mche mmoja wa mpapai. Uache, utaota mwingine. Mpe dona lake na vichwa vya samaki. Baada ya wiki atazunguka mara moja tu, atanusa chini ya geti, kisha atakuja kulala kizingitini pako, miguu ya mbele ameinyoosha, kama yule mbwa wa watu wa pangoni tuliyemsoma chuoni.