Barua ya Wazi kwa Waliotunga Sheria ya Upinde wa Kitako, New York

Upinde wa kitako ni upinde uliolazwa juu ya gogo fupi. Huegemezwa begani kama bunduki, upote wake ukivutwa hunaswa mahali pake, na mshale hutoka kwa kubonyeza kifyatulio. Hauna mtutu, hauli baruti, hautoi moshi. Watunga sheria ya New York ya mwaka 2014 waliutazama kwa makini, wakaona gobore.

Ndiyo maana anayewinda kulungu kwa upinde huo, ndani ya msimu wa pinde, hutozwa ada ya gobore. Msimu wenyewe, kusini mwa jimbo, hufunguliwa Oktoba 1; yeye huachiwa siku 14 za mwisho.

Kwa kuwa ada imepokelewa, linaombwa jambo moja dogo: serikali itoe na baruti. Ofisa apande mlimani alfajiri na pembe ya baruti, kitambaa na mdeki. Autafute mtutu. Akiukosa, amimine baruti kwenye mfereji wa mshale, nusu ichukuliwe na upepo, nusu aishindilie kwa heshima zote. Mwindaji afyatue, kisha wote wawili wasubiri moshi. Usipotoka, ijazwe fomu ya gobore lenye kasoro, nakala tatu, moja ifungwe kwenye pembe za kulungu, kama bado yupo.

Mengine ni mepesi. Katika wilaya za Westchester na Suffolk, ambako upinde wa mkono ni halali na huu ni haramu, mishale ipewe ramani. Kulungu wagawiwe kalenda. Na umbali na nyumba za watu, futi 150 kwa upinde wa mkono, 250 kwa huu, 500 kwa bunduki, uandikwe kwenye miti.

Anayeumia ni fundi aliyebeba matofali mpaka bega likafa. Upinde wa mkono haumudu tena; huu anaumudu. Wenye mabega mazima humtangulia mwituni kwa mwezi mzima. Huo si uhifadhi. Ni kumfungia mtu mlango na kumdai kiingilio, na aliyeandika hivyo alijua anachofanya, maana sheria hiyohiyo inapima nguvu ya upote, ratili 100 hadi 200. Nani aliwahi kuona gobore lenye upote?

Watukufu wawie radhi kwa ukali huo. Jirani zao wa Pennsylvania waliuruhusu upinde huu katika msimu wa pinde mwaka 2009, na kulungu wangali wanakula bustani za watu. Inaombwa upinde uhesabiwe upinde, kuanzia Oktoba 1.