Antivairasi ya Bwana Mkubwa

Wageni wakisikia umetoka Rukwa, wanakuuliza habari za radi. Wangeuliza habari za flashi. Hapa Kabwe flashi moja inaingia steshenari asubuhi kuchapa barua ya kuomba kazi, mchana inajazwa nyimbo, jioni iko kwenye kompyuta ya nyumbani na mafaili yote yamegeuka shotikati. Hapo ndipo bwana mkubwa anakumbuka antivairasi.

Na anavyochagua sasa! Anamtaka Kaspersky, kwa kuwa yule wa zamani akikamata kirusi alikuwa akilia kama nguruwe, nyumba nzima ikajua kazi inafanyika. Kununua? Thubutu. Anapakua ya wizi, yenye ufunguo wa mtu asiyemjua, na maelekezo yanaanza hivi: kwanza zima kinga iliyopo. Anazima. Kinga yenyewe ni Defender, ambayo Microsoft imeiweka bure ndani ya Windows tangu toleo la 8, mwaka 2012. Lakini cha bure kina hadhi gani mbele ya jirani?

Masasisho ndiyo hataki kuyasikia. Yanakula bando, na bando ni la mpira. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipozifunga kompyuta duniani, sasisho la kukizuia lilikuwa limetolewa tangu Machi. Yeye kajibu kwa kuongeza antivairasi ya pili, eti zilindane. Zinagombana usiku kucha, kompyuta inawaka kwa dakika kumi. Juzi nimemsikia gatini akiulizia ya tatu.