Kiwanja Kimoja, Barua Mbili

Tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kufaili ritani za kodi za KRA, foleni imefika nje ya saiba yangu hapa Isiolo, na kompyuta namba tatu ikachagua siku hiyo kugoma. Inashika mtandao kidogo, inapotea, inarudi. Mwishowe skrini ikasema anwani yake ya IP inatumiwa na kifaa kingine.

Mkazi wa Isiolo hahitaji kuelezwa zaidi. Ni kiwanja kimoja chenye barua mbili za mgao. Ila mtandao kama wangu una nafasi 254, sawa na msimbo wa simu wa Kenya, na mimi nina kompyuta sita na printa moja. Basi la Moyale halina watu, halafu wawili wanapigania kiti kimoja cha dirishani!

Nikaizima namba tatu, nikaipigia anwani yake pingi kutoka mashine nyingine. Ikaitika. Nani wewe? Kila kifaa huwa na namba ya kiwandani ya herufi na tarakimu 12, na sita za kwanza humtaja mtengenezaji. Nikazitafuta: kampuni ya kamera. Mimi kamera sina.

Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja kwenye swichi, mteja akinisomea skrini. "Bado iko... bado iko... imeenda!" Kumbe nimechomoa waya wa kompyuta yake mwenyewe. Tulishangilia bure. Mzee mmoja akauliza kama hiyo ndiyo ritani yenyewe.

Waya wa saba, ule wa bluu, ndipo mwizi akanyamaza. Nikaufuata nyuma ya kabati, ukapenya tundu la ukutani, ukatokea kwa jirani yangu, Mama wa maziwa ya ngamia. Juu ya madumu ya njano, kamera ilikuwa ikikonyeza.

Hapo jasho likanitoka. Mwaka jana Mama alishuku kuna mtu anayaonja maziwa usiku, nami nikamfungia kamera na kuipa anwani ya kudumu, kwa vidole hivi hivi, nisiandike popote. Rauta mpya niliyoiweka jana yake ikaanza kugawa anwani bila kujua historia ya ardhi.

"Mama, nitaihamisha kidogo hii kamera."

"Ihame kwa nini, kijana wangu? Si ndiyo iliyotangulia?"

Nikarudi nikaihamisha kompyuta.