Ini Moja, Wagonjwa Wawili

Umeitwa kwenye usaili wa chuo cha udaktari Uingereza. Hongera, na pole. Vyuo vingi huko vinafuata mtindo uliobuniwa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada: vituo vifupi vifupi, kengele ikilia unahama, na kila mlangoni kuna karatasi yenye balaa jipya. Usiisome. Ukiielewa utaanza kufikiri, na anayefikiri hunyamaza kidogo, na kimya hakina maksi.

Ingia ukiwa umekariri nguzo nne za maadili ya tiba za Beauchamp na Childress, za mwaka 1979: kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, kutenda haki. Zimwage zote kabla hujaulizwa. Msaili amezisikia tangu asubuhi kwa kila aliyekutangulia; atafurahi kuona mila inadumishwa.

Swali la ini lazima lije, kama masika. Ini ni moja, wagonjwa wawili: mlevi aliyeacha pombe, na mama wa watoto watatu. Mpe mama, basi. Usiulize nani yuko hoi zaidi, mwili wa nani utalipokea, wala mlevi ameacha lini. Hayo waachie madaktari wa kweli. Mtaje na George Best, nyota wa Manchester United aliyepandikizwa ini 2002, akairudia pombe, akafariki 2005. Mtu mmoja anatosha kuwahukumu walevi wote. Msaili akichokoza, "Na huyo mama akiwa naye anakunywa kwa siri?" hamia kwa mlevi papo hapo. Akichokoza tena, rudi kwa mama.

Kisha binti wa miaka 15 anataka vidonge vya uzazi wa mpango, na mama yake asijue. Tangu kesi ya Gillick iamuliwe na Baraza la Malordi 1985, daktari anaweza kumpa iwapo binti anaelewa vyema anachokiomba. Wewe litaje tu jina Gillick, mara tatu hivi, bila maelezo. Na usithubutu kuuliza mpenzi wake ana umri gani. Utaonekana mmbeya.

Dereva mwenye kifafa anakuomba usimwambie mtu? Ama ufe na siri yake, ama uwapigie polisi angali amekaa mbele yako. Ipo njia nyingine: kumshawishi aache kuendesha na aijulishe mwenyewe mamlaka ya leseni, na akikaidi, kumwambia waziwazi kwamba utaijulisha wewe. Ndiyo wanayoelekezwa madaktari wa huko, lakini haina mbwembwe.

Ukikwama kabisa, sema utamwuliza daktari bingwa. Jibu hili si baya hata kidogo, ndiyo maana nakushauri ulitumie kila kituo, hata kile chenye mwigizaji anayelia kwa sababu umemgonga paka wake kwa gari. Mpe kitambaa, mwambie suala la paka limepelekwa kwa bingwa, kisha usubiri kengele.