Posa kwa Karaoke

Jumapili mchana jirani yangu wa Buyenzi, mama mtu mzima anayeuza maandazi, alibisha mlango akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, mama, ninaposa. Akaitazama simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya chai, akaona ukoo mzima wa watu asiowajua wakifuta machozi ya kicheko, akasema, "Mungu akusaidie, mwanangu," akaenda zake.

Ukoo ule ni wa mchumba wangu, huko Iloilo, Ufilipino. Hapa Bujumbura ilikuwa saa nane mchana, kwao saa mbili usiku, maana wametutangulia kwa saa sita. Walikuwa wamekwisha kula, karaoke imewashwa, bibi yake yuko mbele kabisa. Bibi ndiye aliyetoa hukumu. Zamani kwao, kijana aliyempenda binti alikwenda usiku na gitaa akaimba chini ya dirisha, kisha akawapasulia wazazi kuni na kuwatekea maji mpaka waridhike. Kuni na maji nilisamehewa kwa ajili ya umbali. Kuimba sikusamehewa.

Kwetu Burundi mposaji hasemi! Husemewa na mzee mwenye maneno, anayetajiwa ng'ombe na kuwapunguza huku vinywaji vikizunguka. Kazi ya kijana ni kuvaa vizuri na kunyamaza, na kazi hiyo naiweza sana.

Mjomba wa mchumba wangu alinionya: niimbe chochote isipokuwa "My Way" wa Frank Sinatra. Nikadhani ananitania. Kumbe Ufilipino watu wameuawa katika ugomvi uliozuka wimbo huo ukiimbwa, hata baa nyingine zikauondoa kwenye mashine. Kwa watu hawa karaoke si mchezo. Mjapani Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake mwaka 1971 mjini Kobe na hakuiwekea hataza. Mfilipino Roberto del Rosario akapata hataza ya mashine yake kwao mwaka 1983. Basi shangazi akanichagulia wimbo wa mapenzi wa Kiingereza, na mashine ingetoa alama mbele ya wote.

Sasa nisikilizeni, maana jambo hili limeninyima usingizi. Muziki ulipigwa Iloilo. Ili unifikie, ulikatwa vipande vidogo vidogo, ukapitishwa kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, ukapanda nchi kavu na kuvuka nchi za watu, kwa kuwa Burundi haina pwani. Ndani ya nyaya hizo mwanga hukimbia kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kati yangu na bibi pana zaidi ya kilomita 10,000, hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na nyaya hazinyooki. Bado hiyo ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Inayochelewesha pia ni mitambo ya njiani, ambayo kila mmoja hupokea vipande, huvipanga na kuvisukuma mbele, halafu simu yenyewe huvilimbikiza kidogo ili sauti isikatikekatike. Kwa hiyo muziki ulinifikia umechelewa. Nikauimba sawasawa kabisa na nilivyousikia, na sauti yangu ikarudi safari ileile, ikachelewa mara ya pili. Chumbani kwangu niliimba ndani ya mdundo, naapa. Kule nilisikika kama muadhini aliyesinzia. Wao walipoanza kupiga makofi ya kumaliza, mimi nilikuwa ndiyo kwanza nafika kileleni, nikapaza sauti kwa nguvu zote. Hapo ndipo jirani alipobisha.

Mashine ikanipa 47. Bibi, mwenye meno ya kuhesabu, alikuwa amepata 98.

Siku nyingine niliwaonyesha ndagala, dagaa wetu wakavu wa Ziwa Tanganyika. Baba wa mchumba wangu akaleta dagaa wake wakavu na kudai ni bora. Dada yangu aliye Riyadh, aliyetukutanisha, anadai mbuzi kwa kazi hiyo. Nimemjibu kwamba sheria ya Ufilipino ya 2016 inaharamisha biashara ya kuwatafutia Wafilipino wachumba wa kigeni.

Hayo yananichekesha. Lisilonichekesha ni jingine. Sheria ya familia ya Ufilipino ya 1987 inamtaka mgeni alete cheti cha wanadiplomasia wa nchi yake kwamba hana kizuizi cha kuoa. Sawa, nitakitafuta. Viza ya siku 30 hawamdai Mrundi, jambo ambalo nchi nyingi zingeona ni kichaa. Lakini tiketi inataka dola, na dola benki haina. Ninajaza fomu, ninaambiwa nisubiri, na anayeniambia nisubiri anajua kwamba mtaani zipo, kwa bei inayoipita mbali ile rasmi. Mtu anayelipwa kwa faranga afanye nini, aoe kwa simu?

Msomaji, ukiwa na dola na ukakubali kuziuza kwa bei rasmi, njoo Buyenzi, uulizie nyumba ya yule anayeposa. Watakuonyesha.